Sahihi ya Ijumaa Jioni

Mtu mwenye akili zake timamu hutiaje sahihi karatasi kumi na moja kwa dakika tisa? Muulize Machogu wa Manga. Mzee wa kanisa, mtu ambaye akinunua jembe hulirudisha dukani mara mbili kabla hajaridhika na mpini, mtu wa kuhesabu hata majani ya chai yaliyobaki kwenye kikapu. Huyo huyo aliketi kibarazani Ijumaa jioni akaandika jina lake hapa, hapa na pale, wakati mkewe Ruth alikuwa jikoni akimalizia chakula cha kesho. Wasabato hao. Jua la Ijumaa likishazama hakuna kupika, hakuna kuchuma, hakuna kununua wala kuuza mpaka jua la Jumamosi nalo lizame.

Ruth alikuja kujua habari hiyo Jumamosi alasiri, wametoka kanisani, wamekula ndizi na mboga ya chinsaga iliyolala. Binti yao Linda, mwalimu wa shule moja kule Nyansiongo, alikuwa amekuja kusali nao. Alinyanyua kitabu cha nyimbo juu ya meza akakuta makaratasi yamebanwa chini yake, yana mhuri wa bluu.

"Tata, hii nini?" akauliza.

"Sola," akajibu Machogu, macho kayafumba kwenye kiti. "Wanakuja kufunga Jumatatu. Weka chini, hayo si mambo ya leo."

Linda hakuweka chini. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaufunua wa pili. Ruth alikuwa akikusanya sahani na alimwona uso ukibadilika.

"Mama, hebu kaa," Linda akasema.

"Nimekaa sana leo kanisani. Sema."

"Kampuni imepewa paa. Hii nyumba, kuanzia Tata alipotia sahihi, haibomolewi, haiongezwi, haibadilishwi mabati, kwa miaka kumi na mitano. Mkitaka kuigusa mnainunua ile mitambo yote kwanza, kwa bei yao."

Ruth aliweka sahani chini polepole. Hebu tuelewane hapa kuhusu nyumba hii. Ilikuwa ya udongo, mabati yake yamekula kutu, na chumba cha kulala kilikuwa na beseni la kudumu pembeni mwa kitanda kwa ajili ya mvua. Ruth alikuwa ameishi humo miaka thelathini na mmoja akiambiwa "mwakani". Mwakani ikapita na karo ya Linda, mwakani nyingine ikapita na mahari ya kaka yake, nyingine ikapita na mguu wa mama mkwe. Sasa matofali yalikuwa tayari nyuma ya jiko. Ruth mwenyewe aliyakanyaga udongo wake na kuyachoma, na fundi alikuwa ameshapima pale pale, maana kiwanja kingine tambarare katika mteremko ule hakuna. Desemba nyumba kuukuu ibomolewe, mpya isimame. Miaka kumi na mitano! Yeye alikuwa na sitini na miwili. Akapiga hesabu haraka, akasikia machozi yakimpanda, na hasira ikayapita machozi njiani.

"Baba Linda," akasema, "ni kweli?"

"Huyo mtoto anasoma vibaya," akasema Machogu, lakini macho yalikuwa yamefunguka. "Yule wakala Jethro aliniambia nyumba mpya ikisimama wanakuja kuhamisha mitambo bure. Bure kabisa! Alisema kwa mdomo wake."

"Hapa hakuna kuhamisha," Linda akasema. "Nimetafuta. Kuna mahali pameandikwa kwamba lolote lililosemwa na wakala nje ya karatasi hii halihesabiki."

"Aliniambia."

"Tata, alikuambia. Hakuandika."

Basi ikabidi Machogu aeleze, na alieleza kwa shida, kama mtoto aliyevunja chungu. Jethro huyo, wakala wa kampuni, kijana nadhifu wa suruali ya pasi, alifika saa kumi na mbili kasorobo. Akasalimu vizuri, akataja jina la mchungaji, akasema hata mama yake ni Msabato wa damu. Kisha akatazama jua. "Mzee," akasema, "tufanye upesi tusije tukavunja amri. Nitakusomea yale ya maana." Akasoma yale ya maana. Yale ya maana, bila shaka, yalikuwa matamu: mwanga usiokatika, redio, runinga, malipo kidogo kidogo. Machogu naye, jua likimchungulia juu ya migomba, akaona ni afadhali amalize biashara kabla ya Sabato kuliko kuwa na biashara ndani ya Sabato. Akatia sahihi kwa uchaji. Ndivyo alivyosema: kwa uchaji!

"Na mimi nilikuwa jikoni," Ruth akasema.

"Ulikuwa unapika. Ningekukatiza na jua linazama?"

Ruth akaziokota sahani zake. Kuna majibu ambayo mtu akiyatoa Sabato atayatubia mwezi mzima.

Linda alikuwa amefika ukurasa wa tisa. Akanyanyua kichwa ghafla. "Kuna njia ya kutoka," akasema. "Mteja anaweza kuvunja mkataba ndani ya saa ishirini na nne bila kulipa chochote. Apige simu hii, kwa namba aliyojisajilia, ajitambulishe mwenyewe. Ulitia sahihi saa ngapi?"

Hakukuwa na haja ya kumuuliza. Jethro aliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: saa kumi na mbili na dakika kumi jioni.

Wote watatu wakageuka kutazama kalenda ya kanisa iliyobandikwa ukutani, ile inayoonyesha saa ya kuzama jua kila juma. Leo jua lingezama saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Dakika ishirini na nane zaidi! Ndipo Ruth alipoelewa kwa nini kijana yule alikuwa na haraka Ijumaa, na kwa nini, kama alivyosikia kanisani asubuhi ile, alionekana pia kwa Abner na kwa mjane Drusilla, Wasabato wenzao, kote jioni ile ile. Anayetia sahihi kabla ya jua la Ijumaa kuzama, saa zake ishirini na nne zinakwisha kabla ya jua la Jumamosi kuzama. Msabato mwaminifu hawezi kuwahi. Kaa mwaka mzima ukipiga mahesabu, hawezi. Mshenzi yule alikuwa amelelewa ndani ya amri na akaigeuza mtego.

"Piga sasa," Linda akasema. "Ni saa kumi."

"Kuvunja mkataba ni biashara," akasema Machogu.

"Basi nipe simu nipige mimi."

"Amri yenyewe inamtaja binti, naye asifanye kazi. Na wanataka sauti yangu."

"Tata, ng'ombe akitumbukia shimoni Sabato si hutolewa?"

"Hutolewa akiwa ametumbukia. Huyu nimemwingiza mwenyewe." Na hapo angalau alisema kweli, mzee wa watu.

Saa kumi ikawa kumi na moja. Linda alibishana, akanyamaza, akabishana tena, akatoka nje akirusha mikono. Machogu alikaa na simu juu ya paja akiitazama. Ruth naye alikaa kwenye kiti cha pili, mikono mapajani. Alitamani kuinyakua ile simu. Alitamani pia asitamani. Alikuwa Msabato kwa imani yake mwenyewe, si kwa ndoa. Hajawahi kuchuma jani Jumamosi hata mwaka ule ambao bei ilipanda na majirani wote walichuma usiku na mchana. Aliomba kimya, na katikati ya ombi akajikuta anaona madirisha ya nyumba mpya, yale mapana, na sebule ya sakafu ya saruji inayofagiliwa bila vumbi. Akaona aibu. Kisha akasema moyoni, aibu ya nini? Nimekosa nini mimi?

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Machogu akakohoa.

"Mama Linda," akasema kwa sauti ya upole, ile anayotumia akiwatembelea wagonjwa. "Nyumba ni yako. Sisi wanaume ni wa nje. Wewe ukisema nipige, nitapiga. Ukisema nisipige, sipigi."

Loo! Ruth alimtazama. Miaka thelathini na mmoja na sasa ndiyo alimwona vizuri. Maneno yake yalikuwa yale yale: ng'ombe wa maziwa alipouzwa, wewe si ulikubali? Shamba la bondeni lilipokodishwa kwa hasara, wewe si ulinyamaza? Kila mara jambo likiharibika lilikuwa limepita mikononi mwake dakika ya mwisho, na alama za vidole vyake zikabaki. Akisema piga, dhambi ni yake. Akinyamaza, nyumba imekwenda, na ataambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba aliulizwa. Huku ukuta, kule ukuta, na mwanamume ameketi katikati anasubiri kwa adabu.

"Ulipokuwa unatia sahihi uliniuliza?" akasema.

"Sasa ninakuuliza."

Saa ya ukutani ilikuwa ikitembea. Linda alikuwa amesimama mlangoni, amejiuma mdomo. Saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili na dakika moja.

"Piga," Ruth akasema.

"Umesema nipige?"

"Nimesema piga, Baba Linda! Piga kabla sijasema mengine!"

Pochi ya baba ikatafutwa kwa ajili ya namba ya kitambulisho, miwani ikatafutwa, na miwani ilikuwa usoni. Simu ikaita. Sauti ikamwambia abonyeze moja kwa Kiingereza, mbili kwa Kiswahili. Akabonyeza tatu. Ikarudi mwanzo. Linda akamshika kidole akakipeleka kwenye mbili, na hapo ukaanza muziki, wimbo wa mapenzi tena, mwanamke akimlilia mwanamume asiende, ukijaa sebuleni mwa mzee wa kanisa saa takatifu. Saa kumi na mbili na dakika tano. Dakika ya sita.

"Unaongea na Pam, nikusaidie vipi?"

Machogu alisahau Kiswahili chote. "Mimi Machogu. Wa Manga. Nataka... ile karatasi. Ya jana. Nivunje."

Msichana aliuliza kitambulisho, akakipata. Akauliza sababu. Machogu akasema nyumba itabomolewa. Sauti ya Pam ikawa asali. "Lakini mzee wangu, mafundi wako tayari kwa Jumatatu. Nikikupa miezi miwili ya kwanza bure kabisa, bila kulipa?"

"Miezi miwili?" akasema Machogu. Na wallahi akaanza kutafakari! Unaona kabisa jicho lake likienda pembeni, likihesabu.

"Machogu!" Ruth akasema.

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu tangu Linda azaliwe. Yeye mwenyewe alishtuka.

"Vunja," Machogu akasema kwenye simu. "Vunja yote."

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na dakika nane. Linda akausoma kwa sauti mara mbili: mkataba umevunjwa, mteja hadaiwi chochote, asante. Kisha akaketi sakafuni akacheka huku analia. Ruth hakucheka. Aliishika meza. Nyumba yake ilikuwa imerudi. Alisema hivyo kwa ndani, imerudi, na hakuweza kufurahi bado, kwa sababu mumewe alikuwa ameshatulia kitini na uso wake ulikuwa umepata amani ya haraka mno.

Jua lilipokaribia kuzama wakapiga magoti kuifunga Sabato, kama kila juma. Machogu ndiye aliyeomba. Ana sauti nzuri ya kuomba, hilo hakuna anayemnyima. Watu hutoka Nyamira mjini kuja kumwomba aombe kwenye harusi.

"Ee Baba wa mbinguni," akaanza, "umeona jinsi saa zako zilivyoguswa leo katika nyumba hii. Umsamehe mama wa nyumba kwa udhaifu wake na haraka ya moyo wake. Hakukusudia, Bwana. Mambo ya dunia yalimlemea. Umsamehe na binti yake, aliyesoma biashara katika siku yako. Uwajalie moyo wa kusubiri..."

Ruth alifumbua macho. Mumewe alikuwa ameinua uso juu, mikono wazi, anawatetea. Alikuwa anaamini kila neno, masikini. Hakuna uongo hata mmoja aliousema, na hilo ndilo lililomuudhi Ruth zaidi.

"Baba Linda," akasema.

Sala ikakatika. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuikatiza sala ya Machogu, hata mvua ya mawe.

"Rudi mwanzo," Ruth akasema, bado amepiga magoti. "Iombe upya. Na safari hii uanzie Ijumaa."

Machogu alifungua jicho moja, akamwona mkewe anamtazama, akalifunga haraka. Linda aliinamisha kichwa zaidi. Kuku walikuwa wakigombania nafasi juu ya mti nje. Kisha mzee akameza mate, akaanza tena, na sauti haikuwa ile ya harusi.

"Ee Baba," akasema, "jana saa kumi na mbili kasorobo alikuja kijana mmoja hapa kwangu. Akanipa karatasi. Na mke wangu alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka nilipoketi, na sikumwita."