Viti vya Majaribio Mekundu

Asubuhi, kabla chai haijapoa, Fundi alikabidhiwa programu inayokokotoa dozi za dawa hospitalini. Alitakiwa aupange upya msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, bila kugusa majibu. Ulikuwa vurugu tupu, kama nyumba ambayo kila mpangaji kajijengea choo chake. Lakini majaribio, yale maswali madogo yanayopima kila kipande cha programu, yote yalikuwa kijani, yaani yamefaulu.

Alifungua la kwanza. Mgonjwa wa kilo sitini na moja alipewa dozi ya kilo sabini, na jaribio likaridhika. Aliyeliandika hakupiga hesabu; aliendesha programu, akanakili jibu ililotoa, akaliita sahihi. Ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Fundi akaandika jibu la kweli. Jaribio likawa jekundu, na mwanamume aliyejifunga shuka la wodi akaingia, akaketi kwenye kiti cha mhasibu. Ndiye yule wa kilo sitini na moja; alikuwa amekufa mwaka juzi. Mhasibu alinung'unika kidogo, akaenda kutafuta kiti kingine.

Kila jaribio lililogeuka jekundu lilimleta mwingine; kufikia mchana viti vilikwisha. Marehemu walikuwa watulivu, ila walizuia njia ya kwenda kwenye printa. Fundi alimweleza meneja kwamba kosa liko kwenye mstari mmoja tu, unaopandisha uzito hadi kumi inayofuata, na kwamba wauguzi wanaitumia programu ile hata sasa hivi. Meneja akasema kazi ya Fundi ni usafi wa msimbo, si ukaguzi, na kukiri kosa ni kujitafutia kesi.

Fundi, kwa hasira, akasahihisha jaribio la mwisho. Akaingia mama mzee, mwembamba, miguu mitupu.

"Shikamoo, mama," meneja alisema, akimpisha kiti chake.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa na kilo arobaini na moja tu."

"Najua, mama. Nilikupeleka hospitalini mwenyewe."

Meneja alimshika mama yake mkono, akamgeukia Fundi. "Rudisha majibu ya zamani. Tunakabidhi leo."

"Rudisha mwenyewe, bosi."

Akayarudisha mwenyewe, akiandika kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshikwa na mama yake. Majaribio yakawa kijani, moja baada ya jingine. Wageni hawakuondoka. Jioni programu ikaenda hospitalini, safi, inasomeka vizuri, na mstari wake uleule.

Kesho yake meneja aliagiza viti. Vililetwa vingi kuliko wageni waliokuwa wamesimama, na vya ziada akavipanga wazi karibu na mlango.