Swala Aliyegeuza Mbio

Siku pazia lilipotundikwa mlangoni kwa Bibi Nonna, nusu ya mji wa Akhmimu ilikuwa uani ikinywa bia ya arusi. Taese hakuonja. Pazia lilikuwa la vipande viwili: cha kushoto simba, kazi ya mfumaji mwenzake Pshoi, cha kulia swala, kazi yake. Na baba yake mdogo, Horioni mwenye karakana, alikwisha kata shauri: atakayesifiwa leo ndiye atakayerithi kitanda cha kufumia cha marehemu mama yake Taese.

Kamba zikavutwa, pazia likapanda mlangoni. Kicheko kikaanza chinichini, kikapanda.

"Taese," Pshoi akasema, bakuli la bia mkononi, "huyu swala wako ana haraka gani? Simba hajamfukuza, yeye keshajipeleka mdomoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Mfumaji hufuma akiutazama mgongo wa nguo. Anachokielekeza kulia, mbele hutokea kimeelekea kushoto. Taese aliyajua hayo tangu utotoni, na bado yalimpita.

"Umetuaibisha, mwanangu," Horioni akanong'ona.

"Ngoja kwanza, baba mdogo."

Akavuta kigoda, akapanda, akaanza kufungua vitanzi.

"Anakwenda kuficha aibu," Pshoi akasema.

"Naligeuza."

"Uligeuze? Mgongoni kuna nini zaidi ya nyuzi zinazoning'inia kama ndevu za beberu?"

"Hizo ziko kwako."

Msimu mzima Pshoi alikuwa akimcheka kwa kuzamisha kila ncha ya uzi ndani ya nguo, mgongo ukawa safi kama mbele, kama mama yake alivyomfunza. Nani atatazama mgongo wa pazia, wewe? alikuwa akimwuliza.

Kipande kikashuka, kikageuka, kikapanda tena. Swala akatokea na wekundu uleule, jicho lilelile jeupe, ila sasa kampa simba kisogo na anatimua mbio. Vigelegele vikapaa juu ya paa.

Bibi Nonna akapita katikati ya vipande, akaingia ndani. Sauti yake ikatoka huko:

"Swala hata huku ni mzima. Lakini simba, mbona matumbo yako nje?"

Watu wakacheka hadi bia ikamwagika. Horioni akamshika Taese bega. "Kitanda ni chako. Kesho nitakibeba mwenyewe."

Pshoi akamsogelea. "Sema kweli. Ulikusudia au ulisahau?"

"Nilisahau," Taese akasema. "Mama hakusahau."

Akampokonya bakuli, akanywa bia yote.