Uji Ndani ya Chupa

Haya nimeambiwa na mkwe wangu Jumamosi iliyopita asubuhi, siku ya pili tangu nifike kumsaidia kulea, mimi na yeye tukikunja nepi kitandani kwake. Wifi yake anayetajwa humu ni binti yangu wa kwanza. Nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo msiseme ninamsengenya mtoto wa watu.

Mkwe wangu anaoka mikate kiwandani. Anatoka alfajiri, anarudi saa tisa. Mwanangu ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana mara moja kwa wiki. Mtoto wao ana miezi mitatu na nusu, na kazi ilikataa kungoja zaidi ya hapo, basi akawa anashinda na shangazi yake, huyo binti yangu, ambaye anaishi nao, ni fundi cherehani na anashonea humo humo sebuleni. Kila alfajiri mkwe wangu alikuwa akikamua maziwa yake, anajaza vikopo vitatu vya vifuniko, anaviweka rafu ya juu ya friji. Akirudi anakuta vikopo vimeoshwa na kufudikizwa, na mtoto kalala, ameshaogeshwa, kwa maneno ya wifi mtu; usiku akipewa ziwa ananyonya kidogo tu, na mamake anadhani kashiba mchana.

"Bosi kalala," wifi mtu anasema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Tangu saa mbili. Kwangu halii huyu, analia kwako tu unayemdekeza."

Mkwe wangu akawa anajitapa kazini kwamba mtoto wake halii wala hasumbui. Sasa anajiona mjinga mpaka masikio yanawaka moto.

Jumanne akampeleka kliniki. Muuguzi akamweka mtoto kwenye mizani, akatazama kadi, akamshusha, akampandisha tena.

"Mwezi mzima hajaongeza kitu, mama. Anakuchekea?"

"Alikuwa anacheka. Siku hizi amechoka choka."

Muuguzi akamlaza kifudifudi. Wa umri ule huinua kichwa akatazama tazama kidogo. Huyu alilaza shavu pale pale kama kitambaa kilicholowa. Kisogoni nywele zimeisha, kichwa kimekuwa bapa upande mmoja kwa kulazwa. Halafu muuguzi akainama, akamnusa mdomo.

"Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu. Naacha vikopo vitatu."

"Mh. Kesho rudi nyumbani saa ambayo hakuna anayekutarajia. Na ukimkuta amezoea chupa akakataa ziwa, usimlazimishe. Mvue nguo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mpe maziwa kwa kikombe kidogo kidogo, kisha umrudishe ziwani. Usichelewe, maziwa yasiponyonywa yanakauka."

Kesho yake akaomba ruhusa. Saa nne yuko mlangoni.

Cherehani linanguruma, sare za shule zimerundikwa mpaka dirishani. Mtoto kalazwa sakafuni kwenye godoro dogo, chupa kategemeshewa kwa robota la kitambaa, chuchu ya mpira imo mdomoni, naye kalala fofofo. Pembeni ya mdomo unatoka uji. Mzito, wa kijivu, umegandia shavuni mpaka ndani ya sikio. Angepaliwa, nani angesikia kwa kelele zile?

Akaichomoa chupa. Tundu la chuchu limepanuliwa, kidole kidogo kinataka kupita. Ile alikuwa ametoboa binti yangu kwa sindano ya kushonea makoti, kaichoma motoni, ili uji upite. Mkwe wangu akaigeuza chuchu nje ndani. Utelezi mweusi umeshika kama konokono kapita. Harufu ikampanda puani. Akamwinua mtoto kidevu: kwenye mikunjo ya shingo uji umeoza, na chini yake ngozi imechubuka, nyekundu. Mjukuu wangu! Mimi nimefuga kuku nikawaoshea vyombo vyao kuliko hivyo.

"Wifi, hii nini?"

Cherehani likanyamaza. "Umefukuzwa kazi?"

"Nimeuliza hii nini."

"Uji. Kashiba, kalala. Ulitaka nimbebe nikishona kwa meno?"

"Na maziwa yangu?"

Binti yangu akakunja pua. Sura ile naijua, tangu mdogo akionyeshwa mboga hivyo hivyo.

"Namwaga kwenye karo. Usinikazie macho! Mimi siwezi kushikashika kitu kimetoka kifuani mwa mtu. Kina mafuta juu, kinanuka joto. Mchana nitakulaje?"

"Wewe ulinyonya nini?"

"Nilinyonya kwa mama yangu. Sikuletewa kwenye kikopo karibu na nyanya."

"Kinyaa unaona maziwa, wifi. Hii chuchu hukuiona?"

Mkwe wangu akaisogeza karibu na pua ya wifi yake. "Nusa." Akanusa, akakimbilia karo alikokuwa akimwaga maziwa siku zote hizo. Na atapike.

Mtoto akaogeshwa kwenye beseni, mkunjo kwa mkunjo. Maji ya kwanza yalitoka kama maji ya kuoshea sufuria. Akaamka, akalia kwa njaa, akapewa ziwa. Akalikamata, akanyonya mara mbili, akaona halimwagiki lenyewe, akalitema na kupiga kelele. Akapewa tena, akatema. Mkwe wangu kifua kimejaa mpaka kinauma, na mtoto anakipiga ngumi. Akakumbuka la muuguzi: yasiponyonywa yanakauka. Kama amesahau ziwa, basi.

Akakamua kwenye kikombe. Ila mikono ni miwili, na mtoto anajipinda kama samaki.

"Wifi, shika kikombe."

"Mimi?"

"Yuko nani mwingine? Shika!"

Akakishika kwa ncha za vidole, na kitambaa cha sare katikati.

"Toa hicho kitambaa. Kikombe unakichezesha."

Akakitoa. Kikombe kikagusa mdomo wa chini, ulimi ukatoka, ukalamba. Maziwa yakamchuruzikia binti yangu kiganjani mpaka kiwiko, na yeye uso kaugeuzia ukutani kama anachomwa sindano. "Yana joto," alikuwa anasema. "Mungu wangu, yana joto." Lakini hakukiacha. Alipolegea mtoto, mamake akamsogeza ziwani. Akatema. Kikombe tena. Ziwa. Kikombe. Saa sita ikapita, saa saba. Saa nane kasoro akafungua mdomo wote, akakamata, akavuta, na koo likasikika: ngu, ngu, ngu. Mkwe wangu akalia bila kujitikisa, asije akamwachisha.

Akanyonya pande zote mbili. Akalala, na safari hii akawa anatikisa vidole na kukunja uso kama watoto wenzake. Mkwe wangu akaegemea ukuta, kichwa kikamwanguka begani, akalala naye.

Binti yangu, kama alivyonieleza mwenyewe, akaitupa chupa pipa la nje. Akaosha mkono kwa sabuni mara tatu, akanusa, akaosha tena. Kisha akarudi, akawafunika wale wawili, akajilaza juu ya robota la sare, mkono ule kaunyoosha mbali na uso wake, na usingizi ukamchukua hivyo hivyo, pua kaikunja.