Mlango Mwekundu

Kila siku alasiri, kabla watazamaji hawajaanza kuingia, Emiliana, aliyehitimu ualimu na bado hana kazi, alinyunyizia maji sakafu ya udongo ya banda la video la baba yake, vumbi lisije likawapalia watu. Kisha alifuta sidii kwa upindo wa kanga. Siku hiyo sakafu ilikuwa imelowa nusu tu Hamphrey, dereva wa Noah ya abiria iendayo Mbinga, alipochungulia mlangoni.

"Shikamoo mzee. Mwalimu, simu yako haipatikani! Sista wa ile shule ya Mpepai uliyoomba kazi kanipigia mimi. Anasema mwalimu wake kaacha kazi ghafla, ukifika leo nafasi ni yako. Ukichelewa anachukua mwingine. Mimi nageuza kwenda huko saa kumi na mbili. Nikuwekee siti?"

Maji yaliendelea kumwagika kutoka kwenye kopo hadi yakafanya dimbwi miguuni pake.

"Niwekee," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Hamphrey aliuliza tena.

Baba yake, mzee Eusebius, alikuwa ameinama nyuma ya televisheni akiunga nyaya. Alisikia yote. Emiliana alimsubiri ainuke aseme neno. Mzee alipuliza vumbi kwenye deki, akakohoa.

"Spika ya kushoto inakoroma," alisema.

Nje, mama yake alikuwa akikaanga dagaa usipa wa kuwauzia watazamaji.

"Kasemaje?" aliuliza bila kuinua macho kwenye karai.

"Spika inakoroma."

"Hee! Mwanamume huyu! Kwa Wachina wa kwenye filamu ana maneno gunia zima, kwa mwanawe hana hata moja. Mwanangu, mimi nimeshasema uende. Nenda."

Lakini Emiliana alikuwa amejiapia kwamba hatapanda gari bila kusikia neno la baba yake. Kaka yake Damiano aliondoka kwenda Songea mzee akiwa kimya hivyo hivyo, akihesabu nyavu za jirani kana kwamba ni zake. Mpaka leo Damiano hajakanyaga tena Mbamba Bay. Kama kimya hiki nacho kilikuwa cha kufukuza, Emiliana aliona heri gari limwache.

Alikwenda nyumbani, akapanga nguo kwenye begi. Akazitoa. Akazirudisha. Akatoka na kiatu kimoja mguuni, akarudi kutafuta cha pili, kumbe alikuwa amekishika. Aliporudi bandani watu walikuwa wamejaa na mzee ameshika kipaza sauti.

Hapo ndipo Eusebius alipokuwa mtu mwingine. Kichina hakujua, Kiingereza hakujua. Alitazama midomo na mikono ya watu kwenye kioo, akawapa maneno ya Kiswahili, na maneno hayo yakawaganda mpaka watoto wakayacheza ufukweni. Filamu mpya alizikataa katakata.

"Hizi za kompyuta watu wanaruka kama senene," alikuwa akisema. "Filamu ya ngumi ya kutazamwa ni ile ambayo steringi, shujaa mwenyewe, anateka maji mpaka mabega yanachubuka, ndipo anafundishwa teke la kwanza."

"Mzee, leo tuwekee ipi?" aliuliza Aidan, mvuvi asiyekosa kiti cha mbele.

"Mlango Mwekundu."

Banda zima lilishangilia. Ilikuwa filamu ya zamani, picha imekwaruzika, na jina hilo watu ndio waliolibandika. Kijana anakwenda mlimani kwa mwalimu mzee, anateka maji, anapigwa, anajifunza, anamshinda adui. Mwishoni anasimama na kifurushi chake mbele ya mlango mwekundu, na mwalimu anamwambia maneno ya kuagana. Maneno hayo kila mtu aliyajua: "Nenda! Usigeuze shingo! Sina mwanafunzi tena!" Banda lote huyapiga kelele pamoja na Eusebius.

Emiliana peke yake ndiye aliyejua kwamba mwalimu hasemi hivyo. Alipokuwa chuoni Songea aliiona filamu hiyo ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Mwalimu anauliza jambo moja tu: "Utarudi lini?" Hakumwambia mtu. Angeanzaje kumsahihisha baba yake mbele ya watu wanaompenda hivyo?

Sasa alikaa karibu na mlango, begi magotini. Akasimama. Akakaa. Aliinua mkono amwite, "Baba," lakini kwenye kioo mapanga yalikuwa yakigongana, na sauti yake haikufika hata kiti cha pili. Nje jua lilikuwa limeinamia ziwa. Honi ya Noah ililia mara moja.

Kwenye kioo, kijana alifika mlango mwekundu. Watu walivuta pumzi wapige kelele na mzee.

Midomo ya mwalimu ilicheza. Kwenye spika kulitoka mkoromo tu.

"Mzee, mfukuze!" alipaza sauti Aidan.

"Mfukuze bwana, tumelipa!" Watu wakacheka.

Eusebius hakucheka. Kioo kilimmulika usoni. Honi ililia tena, safari hii ndefu. Emiliana aliinuka, akatupa begi begani, akageukia mlango, kiapo kikimshinda.

"Emiliana."

Jina lake lilitoka kwenye spika zote mbili. Vichwa vyote viligeuka, na mama yake akaingia na kijiko cha kukaangia mkononi.

"Sikufukuzi, mwanangu," alisema mzee, akisahau kwamba kipaza sauti kimewaka. "Wala Damiano sikumfukuza. Mimi nilikuwa sitaki aende, na wewe sitaki uende, basi ulimi unakauka. Lakini nenda. Nenda kafundishe."

Akageuka kutoka kwenye kioo, akamtazama binti yake.

"Utarudi lini?"