Chura na Kimulimuli Wake

Ukutani mwa duka la mikate la mdogo wake, juu kidogo ya mashine ya kukandia unga, palitundikwa kisanduku cha kioo, na ndani yake padi. Si kombe, si cheti, si picha ya harusi. Padi: kile kidude cha kushika mkononi, chenye msalaba upande wa kushoto na vitufe viwili vyekundu upande wa kulia, ambacho watoto wa zamani walichezea gemu kwenye televisheni za chogo. Waya wake ulikuwa umeviringwa vizuri, na katikati ya waya, kwa mwenye jicho kali, palionekana kipande cha utepe mweusi. Chini yake mwenye duka alikuwa amebandika karatasi: "Kwa hii nilimshinda Bwana Meno. Umri wa bingwa: miaka mitano."

Dada mtu aliingia pale kila asubuhi kuchukua mkate wake, na kila asubuhi alitazama kila kitu dukani isipokuwa kisanduku hicho. Vigae vya sakafu alivijua kimoja kimoja.

Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa miaka arobaini na minane asiyebabaishwa na lori wala na askari wa barabarani. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine chini ya mguu wake mwenyewe. Wanafunzi wengi walipata leseni wakiamini wamejifunza kusimamisha gari, na yeye hakuona haja ya kuwavunja moyo. Tabia hiyo hakuianzia garini.

Jumatatu moja alimkuta mdogo wake amesimama mlangoni, unga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo dada! Usiingie. Yaani ingia, lakini kaa kwanza."

"Marahaba. Mbona unameremeta kama umepakwa siagi?"

"Nimeipata! Kaseti ya Chura! Kwa muuza vyuma chakavu, chini ya pasi mbovu. Ile yetu iliyopotea, basi hii ni pacha wake."

Dada akakaa, akawekewa chai. Kaseti yao haikuwa imepotea. Ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya kopo la nyuzi, na alikuwa ameificha humo kwa mikono yake.

"Jumamosi saa tisa alasiri," mdogo wake aliendelea, "ukumbi wa maktaba, chama chetu cha gemu za kale kina siku yake kuu. Nitapanda mnara mbele ya wanachama wote, toka ghorofa ya kwanza mpaka kwa Bwana Meno. Na nitachezea padi ile ile. Naitoa kwenye kioo."

Chai ikampalia dada mtu, akakohoa mpaka mteja mmoja akamletea maji.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana kosa lenyewe lina umri wa miaka thelathini na sita. Baba yao alikuja siku moja na mashine ya gemu iliyokwisha tumika, kaseti moja na padi mbili. Kwenye kaseti kulikuwa na chura mdogo anayepanda mnara wa ghorofa nane, na juu kabisa anangojwa na mamba mnene ambaye watoto walimwita Bwana Meno. Wiki ya kwanza tu, panya akatafuna waya wa padi moja. Binti, miaka kumi na miwili wakati huo, akauzungushia utepe mweusi ili baba asione. Mdogo wake alikuwa na miaka mitano na koo la king'ora. Akinyimwa zamu alilia, akilia mama alizima televisheni, na televisheni ikizimwa hakuna aliyecheza. Basi akampa ile mbovu.

"Wewe ndiye chura," alimwambia. "Mimi ni kimulimuli tu."

Kwenye gemu hiyo, nyuma ya chura huruka kimulimuli akimmulikia njia. Haendeshwi na mtu. Mashine yenyewe ndiyo inayomrusha. Lakini mtoto wa miaka mitano atajuaje? Alibonyeza vitufe vilivyokufa, chura akaruka, naye akaruka pamoja naye juu ya mkeka. Chura akiruka kabla hajabonyeza, alijisifu kwamba vidole vyake vina mbio kuliko kichwa chake.

Ungekuwa utani wa kitoto ukaishia hapo. Tatizo ni kwamba Bwana Meno alishindwa siku moja kabla mtoto hajaanza shule. Mtoto ambaye wiki nzima alikuwa ameapa kwamba shule haendi, labda waje polisi, asubuhi ile akavaa sare mwenyewe. "Mtu aliyemshinda Bwana Meno atamwogopa mwalimu?" aliuliza, na toka hapo ikawa ndiyo kauli yake maishani. Alipokwenda kuposa, Bwana Meno. Alipoingizwa chumba cha upasuaji kutolewa kidole tumbo, Bwana Meno. Alipofungua duka, na majirani wote wakisema mikate haitanunuliwa mtaa huu, Bwana Meno tena. Dada alikuwa amemvika kilemba cha ukoka kwa ajili ya mchana mmoja, na mwenzake akakijengea nyumba chini yake. Sasa angemvuaje? Hilo ndilo lililomnyima raha: hakuogopa aibu yake, aliogopa kumwona mdogo wake anaanza kuogopa vitu.

Alhamisi akaenda kwa fundi wa redio, mama wa maneno machache mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Ndiye aliyetunza mashine zote za chama. Padi ilikuwa tayari mezani kwake, imeletwa ikaguliwe.

"Hii imekufa zamani," fundi alisema kabla hajaulizwa. "Waya umekatika na ncha zimeota kutu. Ndugu yako aliichezea vipi?"

Dada akamweleza yote, pamoja na kaseti aliyoificha kwenye kopo la nyuzi ili mdogo wake asije akaicheza peke yake. Fundi hakucheka, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

"Nikiunga waya, atacheza mwenyewe," fundi akasema.

"Ataanguka ghorofa ya kwanza mbele ya watu arobaini."

"Nisipounga, chura hatasogea."

"Ndiyo hivyo."

Fundi akajikuna kichwa kwa bisibisi. "Basi acheze mtu mwingine. Anayejua njia."

Alhamisi ile na Ijumaa yake hakuna mwanafunzi aliyefundishwa udereva. Mwalimu alikuwa chumba cha nyuma cha fundi, amekunja uso mbele ya televisheni ya chogo, kaseti ya kwenye kopo ikiwa mashineni, akijifunza upya kile ambacho vidole vyake vilikijua alipokuwa na miaka kumi na miwili. Viungo vililia. Chura alikufa mara sabini. Lakini Ijumaa alasiri alifika juu, akampiga Bwana Meno kwenye kitovu mara tatu, na mamba akaporomoka. Akasimama kwenye kiti akashangilia peke yake. Fundi akamkumbusha kwamba kiti kile kina mguu mmoja wa gundi.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa watu wazima wenye kazi zao na heshima zao, na kila mmoja amevaa kitu cha ajabu. Wapo waliofuma kofia za chura za sufu. Mlinzi wa benki, jitu la miraba minne, alikuwa amejishonea vazi la Bwana Meno kutokana na makoti mawili ya mvua, meno ya kadibodi. Mdogo mtu alikuwa ameoka keki ya mnara, ghorofa nane, na chura wa sukari kwenye ngazi. Mashine za kale zilipangwa ukutani, kila moja na kadi yake, na watu walizipapasa kwa ncha za vidole.

Dada alikuwa amepanga kuchezea nyuma ya pazia. Mdogo wake akamwita mbele.

"Jamani, huyu ndiye Dada Kimulimuli! Bila mwanga wake nisingefika hata ghorofa ya pili. Leo atakaa pembeni yangu kama zamani." Akamvutia kiti.

Ukumbi ukapiga makofi. Dada akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino, akakaa. Fundi, bila kupepesa jicho, akamwekea mapajani padi nzima, kana kwamba ni ya kimulimuli, akaichomeka tundu la kwanza. Ile yenye utepe mweusi akaichomeka tundu la pili. Kaseti ikapulizwa, maana hakuna mwanachama aliyeamini kaseti isiyopulizwa, na muziki ukaanza.

Chura akapanda. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdogo mtu alibonyeza kwa mwili mzima, ulimi nje, viwiko vikipaa, na dada yake akaendesha mambo kimya kimya, mikono chini ya mtandio. Ghorofa ya nne. Ya tano. "Vidole ni vile vile!" alipiga kelele bingwa.

Ghorofa ya sita kuna jiwe linalobingirika kutoka kulia, na chura anatakiwa aliruke. Chumbani kwa fundi, kwenye kioo kidogo, jiwe hilo lilikuwa kokoto. Ukumbini walikuwa wameleta televisheni kubwa kuliko zote, na lilikuja kama lori. Mwili wa mwalimu wa udereva ukafanya ulichokifanya kila siku kwa miaka ishirini: mguu wa kulia ukakanyaga breki. Ukaikanyaga sakafu kwa nguvu zote, meza ikatikisika, na vidole, vikiamini kazi imekwisha fanyika, vikakaa tu. Chura akalazwa bapa.

"Si kitu!" mdogo mtu alisema. "Roho mbili zimebaki."

Roho ya pili ilikwenda vile vile. Kwenye ya tatu dada akaunasa mguu wa kulia nyuma ya mguu wa kiti, akauma meno. Jiwe likaja. Mguu wa kushoto ukakanyaga klachi.

Muziki wa kushindwa ni mfupi. Ulipokwisha watu walipiga makofi yale ya kumpa mtu pole. Mdogo mtu aliigeuza padi mikononi, akaitazama juu na chini. Mabega yalikuwa yameshuka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alionekana mtu wa umri wake.

"Samahani dada," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekuangusha. Sijui nini kimenipata. Labda siku ile nilibahatisha tu."

Hapo dada akashindwa. Angevumilia kufumaniwa, kuombwa msamaha hakuweza.

"Si wewe," akasema, akainua mikono yake kutoka chini ya mtandio, padi ikaonekana. "Ni mimi. Hiyo yako haijawahi kufanya kazi. Panya aliitafuna wiki ya kwanza. Chura nilikuwa mimi siku zote, mpaka leo, na jiwe hilo nimeshindwa mimi."

Kisha Bwana Meno akavua kichwa chake.

"Subirini kwanza," alisema mlinzi wa benki polepole. "Kaka yangu alikuwa akinipa gari la nyuma. Gemu ya magari. Miaka minne sikuwahi kugonga hata mara moja. Nilijua mimi ni dereva hodari."

"Jamani," sauti moja ikasema kutoka nyuma.

Ndani ya dakika mbili nusu ya ukumbi ilikuwa nje barazani, simu masikioni, ikiwapigia kaka na dada zao na kudai maelezo. Nusu nyingine, waliozaliwa wa kwanza, walikuwa wakisifu dari ya maktaba.

Mdogo mtu hakutoka. Alikaa palepale na padi yake.

"Miaka thelathini na sita umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nimekupaka."

"Na kaseti yetu?"

"Ipo nyumbani. Kwenye kopo la nyuzi."

"Dada!" Hilo lilimuuma kuliko yote; alikuwa ameitafuta hadi kwenye dari. Akauzungusha waya wa padi kidoleni. "Siku ile ya shule je? Nani alinishika mkono?"

"Hakuna. Nilirudi nyumbani kufuata daftari. Nilipofika getini ulikwisha ingia."

"Na upasuaji?"

"Nilikuwa kwenye benchi nje, nalia."

"Na duka?"

"Mimi ndiye niliyekwambia usifungue, umesahau? Huko kote sikubonyeza kitu, mdogo wangu. Sikuwa na pa kubonyeza."

Akalitafuna hilo kwa muda, kama mtu anayeonja mkate ulioivia kwingine. Kisha akanyoosha mkono, akachukua padi nzima kutoka mapajani mwa dada yake, na mahali pake akaweka ile yenye utepe mweusi.

"Fundi, washa tena," alisema. "Mimi ni chura. Wewe kimulimuli. Na miguu yako ikae juu ya kiti."

Alikuwa mchezaji mbovu kupita kiasi. Chura wake aliingia shimoni akiwa bado anasalimiana na ngazi. Akafa, akaanza, akafa, akaanza. Walioko barazani wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengine macho mekundu, wakasimama nyuma yao. Dada alijiambia atakaa tu, amtazame. Lakini shimo la pili lilipokaribia, kidole gumba chake kikabonyeza chenyewe. Kikabonyeza tena. Kufika mlango wa ghorofa ya kwanza alikuwa ameinama mbele, ulimi nje, viwiko vikipaa, anabonyeza vitufe vilivyokufa mpaka kucha zikauma. Chura akaning'inia ukingoni, akayumba, akapita.

"Tumepita!" alipiga kelele, akaruka kutoka kitini. "Umeona nilivyokumulikia?"

"Nimeona," alisema mdogo wake bila kugeuza macho. "Kaa chini, kuna giza huku ghorofa ya pili."

Akakaa, akaishika padi yake vizuri.