Lundo la Majani la Mzee Kuwabara

Asubuhi ile Bi Fusae Morinaga alikuta miche mitano ya matango imelala chini, mashina yamekatwa kana kwamba kwa wembe. Alipoinua mmoja, chini yake walijaa wale vidudu wa kijivu ambao ukiwagusa hujiviringa kama vidonge. Hakutafuta zaidi. Jirani yake wa bustani, Mzee Kuwabara, alikuwa na lundo la majani makavu mpakani, na humo vidudu hao walikuwa tele.

Mwingine angemwambia mwenzake ana kwa ana. Bi Fusae alifanya jambo la kiungwana kwa sura, la kioga kwa ndani. Jalada la matangazo ya mtaa, linalopita nyumba kwa nyumba kila mmoja akigonga muhuri wake kuonyesha amesoma, lilipomfikia, alichomeka karatasi isiyo na jina: “Wenye malundo ya majani bustanini wanaombwa kuyaondoa. Yanazalisha wadudu waharibifu.” Wenye malundo, eti! Mtaa mzima ulikuwa na lundo moja.

Mzee Kuwabara aligonga muhuri kama wengine. Jumamosi alijaza mifuko kumi na tisa, akaipeleka kwenye taka. Lundo hilo lilikuwa la marehemu mkewe, Chizuru. Kila vuli walifagia pamoja majani ya hekaluni na kuyaleta kwa toroli.

Wiki iliyofuata miche mingine mitatu ilikatwa. Safari hii Bi Fusae alifukua, akamkuta sota, kiwavi mnene, amejikunja udongoni kando ya shina, ameshiba. Vidudu wa kijivu walikuwa wakitafuna jani lililokwisha kuoza, basi. Roho ilimsuta hadi akashindwa kumaliza kumwagilia.

Hapo ndipo Mzee Kuwabara alipokuja na boksi la vitumbua vya maharagwe matamu.

“Samahani sana, Bi Fusae. Wadudu wangu wamekutia hasara.”

“Hapana, Mzee, usiseme hivyo.”

“Chizuru alikuwa akiniambia, ‘Waache hao, wanakula vilivyokufa tu, wanatupikia udongo.’ Mimi nikamwamini miaka yote.” Akacheka kidogo. “Kumbe bibi alikuwa anabahatisha.”

Bi Fusae aliona afadhali angetukanwa.

“Hakubahatisha,” alisema, akamwokota sota na kumwonyesha kiganjani. “Huyu hapa ndiye mkataji. Mama Chizuru alisema kweli.”

Mzee aliinama kumtazama kiwavi. Machozi yakamlengalenga.

“Basi alikuwa anajua,” alisema. Bi Fusae alivuta pumzi aseme lililobaki, lakini mzee alimwahi. “Nakuomba kitu. Hili la sota tusilitangaze. Aliyeandika ile karatasi akisikia, ataumia bure. Naye alikuwa anahangaikia miche yake tu.”

“Sawa, Mzee,” alijibu Bi Fusae.

Akapokea boksi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, wala hakukiinua mpaka mzee alipokwisha kuondoka.