Mvua Iliyopitia Birikani

Mpimaji wa hali ya hewa wa kituo kile cha tambarare alipewa jina zuri na wazazi wake, lakini mji mzima ulimwita Nukta. Ukimwambia leo joto limefika thelathini na nane, atakujibu, "Thelathini na nane nukta nne," kisha ataendelea na njia yake. Hakuwa mkali. Aliona tu kwamba zile sehemu nne za kumi zilikuwepo, na kuziacha ni kusema uongo kwa sababu ya uvivu.

Msimu ule wa joto ulimpa nukta za kumtosha. Siku mia moja na kumi na mbili zilipita bila tone. Mabati yalialika mchana kutwa, mishumaa ilijipinda kabatini, na mbwa wa jirani aliacha kubwekea wapita njia. Aliwatazama tu, kama karani aliyefunga dirisha. Mume wa Nukta, fundi baiskeli, alifanya kazi huku miguu yake imo ndani ya beseni lile lile alilotumia kutafutia matundu ya mipira.

Mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea kwa wiki mbili, na sasa alikuwa na wiki ya sita. Hawezi kusafiri ndani ya tanuri, alisema. Mara kwa mara, alasiri, alitoka barazani, akayatazama mawingu yaliyojikusanya mbali, akatangaza mvua.

"Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Hii ni mara ya kumi na moja."

"Kumbe unanihesabia?"

"Nimeandika tu."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe kwa macho yaliyouliza, huyu ulimtoa wapi? Fundi baiskeli aliinamia tairi lake. Alijifunza zamani kwamba fahali wawili wakisimama zizi moja, ndama hutafuta kazi ya kufanya.

Nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa waya, kilisimama kipimamvua: mkebe wa shaba uliochimbiwa nusu ardhini, juu faneli, ndani chupa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi Nukta alikwenda kuitoa chupa, akamimina maji kwenye gilasi yenye mistari ya milimita, akaandika daftarini, kisha akapiga simu makao makuu. Kama hakuna maji, aliandika sifuri. Miaka kumi na tisa daftari halikuwa na mwanya hata mmoja. Mpimaji aliyemtangulia alikuwa na tabia ya kupima mvua akiwa kitandani, mpaka siku aliporipoti manyunyu ya asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo nguzo za uzio wa kituo zilikuwa zimeungua kwa moto wa nyasi. Nukta alipopokea funguo zake alijiapia mambo mawili: hataacha nafasi tupu, na hataandika namba ambayo haikupimwa.

Siku ya mia moja na kumi na tatu mama mkwe alitangaza mvua kwa mara ya kumi na mbili. Saa kumi na dakika ishirini upepo ulileta vumbi, vumbi likaleta harufu ya udongo uliolowa mahali fulani, na radi ikapiga mpaka vijiko vikagongana kwenye kikapu. Kisha maji yakamwagika, dakika hamsini mfululizo. Hakuna aliyesikia alichosema mwenzake. Mama mkwe aliinua kidevu tu, na kidevu kilisema yote.

Joto lilishuka kutoka thelathini na saba nukta tisa hadi ishirini na moja nukta tatu kwa saa moja. Usiku walitoa mablanketi yenye harufu ya dawa ya nondo, wakalala kama magogo. Nukta, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akilala kwa vipande, aliamka saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Alinawa uso, akavaa sweta, akachukua gilasi yake. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa ikimngoja.

Kipimamvua kiling'aa. Kutu yote ya kijani ilikuwa imetoka na mkebe ulimeta kama chombo cha harusi. Chupa ilikuwa safi, kavu, imefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Nukta alirudi jikoni polepole. Mumewe alikuwa anamaliza chai. Birika lilikuwa pembeni mwa jiko, tupu.

"Mama," alisema, "naomba kuuliza. Kile chombo cha uani."

"Nimekusafishia. Majivu na ndimu. Kilikuwa kimesimama kule nje kama yatima."

"Na maji yaliyokuwemo?"

"Ningeyamwaga? Maji ya mvua hayana chumvi, yanatoa chai nzuri. Nikusongezee kikombe? Ah, yameisha. Huyu amekunywa viwili."

Fundi baiskeli alikitua kikombe chake mezani kwa uangalifu, kama mtu aliyeambiwa ameketi juu ya yai.

"Andika arobaini," alimnong'oneza mkewe. "Ilikuwa mvua ya arobaini ile. Nani atajua?"

"Mimi."

Saa tatu ilikuwa imepita bila Nukta kupiga simu, na simu ikalia yenyewe. Karani wa makao makuu aliuliza, kama kila siku, mvua ni kiasi gani. Nukta akamwomba dakika ishirini. "Unaumwa?" karani aliuliza.

Alikaa mbele ya daftari. Akiacha nafasi wazi, miaka kumi na tisa imetoboka. Akiandika arobaini, amelala kitandani kwa mtangulizi wake. Mama mkwe alisimama mlangoni, taulo la vyombo begani, akaelewa kwamba kuna jambo, na kwamba limetokana na mikono yake.

"Kwani ulitaka kujua yalikuwa mangapi?" aliuliza. "Si ungesema. Vikombe vitatu, na cha nne mpaka kwenye ua la bluu."

Nukta aligeuka. "Uliyapima?"

"Utapikaje chai bila kupima maji? Kikombe kimoja, kijiko kimoja cha majani. Ninyi mnaomimina kwa macho ndiyo maana chai yenu ni maji ya kuoshea brashi." Alikwenda kabatini akatoa kikombe cha bati chenye ua la bluu ubavuni. "Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba si kipimo?"

"Nionyeshe, mama. Kama ulivyofanya asubuhi."

Mama mkwe alichota maji ya mtungi. Alijaza kikombe mpaka ukingoni, bila kumwaga tone, akamimina kwenye sufuria; mara tatu. Cha nne alikisimamisha mezani, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akayasimamisha pale ua lilipoanzia. Nukta alimtazama akiinama vile. Yeye mwenyewe alifundishwa kuinama hivyo kwa miezi mitatu, na cheti akapewa.

Gilasi ilibeba milimita kumi kwa mara moja. Walimimina, wakasoma, wakamwaga. Arobaini na moja nukta sita.

"Rudia, tafadhali."

Arobaini na moja nukta tano.

"Tena."

Arobaini na moja nukta sita.

"Mkono wangu," Nukta alisema, "hukosea zaidi ya hapo."

"Najua," alisema mama mkwe. "Nimekunywa chai yako."

Nukta aliandika namba ile. Katika safu ya maelezo aliandika ukweli wote: maji yaliondolewa kabla ya saa tatu, yakapimwa kwa kikombe cha bati, kipimo kikarudiwa mara tatu, tofauti sehemu moja ya kumi, kisha maji yakaingia birikani. Halafu akapiga simu na kumsomea karani neno kwa neno.

"Samahani," alisema karani. "Birika ni kifaa kipya?"

"Ni birika."

"Na aliyepima?"

"Mama mkwe wangu. Yuko hapa kama unataka kumuuliza."

Karani alisema hakuna haja. "Basi naweka arobaini na moja."

Sauti ikatoka jikoni, juu ya mlio wa maji yanayojazwa birikani upya. "Mwambie nukta sita. Asianze uvivu na mvua yangu."